UZI: Ukisema "natafuta kazi yoyote", hakuna atakayekukumbuka

StooNakuru · Jumapili, saa 1:40 jioni

Habari za jioni, wenzangu. Nimesoma hapa kimya kimya kwa muda mrefu, na kila wiki naona vijana wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Busia wakiandika sentensi moja: "Jamani, nimemaliza chuo, nisaidieni kazi yoyote." Inaniuma kila nikiisoma, maana sentensi hiyo ilinipotezea zaidi ya mwaka. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nilimaliza diploma ya ununuzi na ugavi, nikakaa miezi kumi na minne nikitamaki, yaani nikizunguka kutafuta kazi. Nilikuwa naishi mtaa wa Rhonda kwa dada yangu. Kila Jumatatu na Alhamisi nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu hadi Industrial Area, bahasha za kaki mkononi. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na barua ya maombi, CV ya kurasa nne, nakala za vyeti na nakala ya kitambulisho. Ukijumlisha fotokopi na bahasha yenyewe, kila moja ilinila karibu shilingi mia. Kwa mtu asiye na kipato, hiyo ni ugali na sukuma ya jioni.

Barua ilikuwa ileile kwa wote: kiwanda cha unga, ghala la mbegu, hadiwea, shule. "Naomba nafasi yoyote katika kampuni yenu." Siku moja soja wa geti fulani, mzee aliyekuwa amenizoea, aliniita pembeni akanionyesha katoni chini ya kiti chake. Ilijaa bahasha za kaki. Mbili zilikuwa zangu, bado zimefungwa. Mzee hakuwa na ubaya. Aliniambia, "Binti yangu, huku ndani hawajawahi kuniagiza bahasha. Huniagiza mtu, na wakiniagiza mtu wanataja kazi yake."

Nilimwelewa nusu. Nusu ya pili ilinijia kanisani.

Mama mmoja tunayesali naye aliniuliza, "Mwanangu, unatafuta kazi gani?" Nikajibu nilivyozoea: "Yoyote tu, mama, bora riziki." Akaniombea palepale, akaenda zake. Wiki tatu baadaye nikasikia kwamba ndugu yake mwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za shamba, upande wa Njoro alikuwa amehangaika mwezi mzima akitafuta mtu wa kushika stoo, na tayari amempata mwingine. Mama huyu hula na ndugu yake kila Jumapili. Ananipenda, alijua sina kazi, na alijua ndugu yake anatafuta mtu. Lakini habari hizo mbili hazikukutana kichwani mwake, kwa sababu hata siku moja sikumwambia kwamba mimi ni mtu wa stoo.

Usiku ule nililia. Kisha nikachukua kalamu nikaandika maneno haya, nikayarudia kwa sauti mpaka yakatoka bila kukwama:

"Mimi ni mtu wa stoo. Napokea mzigo, naulinganisha na invoisi, naandika bin kadi, na mwisho wa mwezi hesabu ya rafu inalingana na ya kitabu. Natafuta stoo ya agrovet, hadiwea au kiwanda, kati ya mji wa Nakuru na Njoro."

Hapo kuna kazi moja, mambo ninayoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, na mahali. (Bin kadi ni kadi ya kila bidhaa inayoonyesha kilichoingia na kilichotoka.) Mtu akishasikia hivyo anaweza kukubeba. Akiingia hadiwea akamkuta mwenye duka analalamika kwamba misumari inapotea, wewe ndiwe utakayemjia akilini.

Najua hofu iliyopo, kwamba ukitaja kazi moja umejifungia nyingine zote. Niliogopa hivyo pia. Lakini sikuacha vibarua. Siku za njaa nilifua nguo za watu Milimani na nikachambua viazi sokoni. Kilichobadilika ni yale niliyowapa watu wanibebee.

Nikanunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza nikaandika majina ya watu thelathini na mmoja, na nikajizuia kuandika ndugu wa karibu, kwa kuwa hao walishajua hali yangu na walikuwa wameishiwa na pa kunipeleka. Niliandika watu ninaowajua kidogo: niliofanya nao atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, dereva wa lori aliyekuwa akileta mbolea pale, mwenye saiba, katibu wa chama cha dada yangu, mwalimu wa chuo aliyetufundisha muhula mmoja tu, kinyozi wa mtaa wa Shabab ambaye wenye maduka hunyolewa kwake. Kila siku nilizungumza na wawili. Sikuomba kazi. Niliyasema yale maneno yangu, kisha nikauliza swali moja: "Unamjua nani mwenye stoo ambaye ningeweza kumsikiliza?" Swali hilo halimbani mtu. Ukimwomba kazi na hana, anaona aibu, na safari ijayo atakukwepa. Ukimwomba jina, karibu kila mtu ana jina.

Kitabu kina mistari: tarehe, jina, mahali, tulichoongea, nirudi lini. Ule mstari wa "nirudi lini" ndio uliokuwa haupo maishani mwangu. Miezi yote ile nilikuwa naacha bahasha na kungoja simu, kama mtu aliyepanda mahindi asirudi kupalilia.

Yule dereva wa mbolea nilikuwa sijamwona kwa miezi minane. Nilipompigia tuliongea dakika tatu. Baada ya siku kumi na tisa akanipigia yeye: "Ile stoo yako, bado unaitafuta?" Alikuwa ameshusha mzigo kwenye ghala la vyakula vya mifugo na kukuta mshika stoo amekwenda likizo ya uzazi na karani wa mauzo ndiye anayeandika vitabu, kila kitu kimechanganyika. Nikaenda kesho yake. Sikubeba bahasha, nilibeba bin kadi tano nilizochora mwenyewe. Nikapewa kazi ya miezi mitatu ya kumshikia yule dada. Alirudi, na mimi nikabaki, maana tawi la pili lilikuwa linafunguliwa.

Nisimame hapo kidogo kwenye kazi za kushikia mtu. Watu huzidharau, "ni miezi mitatu tu." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Kwa hivyo katika kila shule, zahanati, benki na kiwanda chenye wafanyakazi wanawake, mwaka ukiisha kuna kiti kimekaa wazi miezi mitatu, na mara nyingi hakitangazwi popote. Ukiwauliza watu, uliza na hilo pia.

Majira nayo tunayasahau. Mashamba ya maua ya Naivasha huongeza watu kabla ya Februari kwa sababu ya maua ya Valentino, kwa hivyo ukifika geti tarehe 10 Februari umechelewa. Hoteli za Naivasha huhitaji mikono kabla ya Safari Rally na kabla ya Krismasi. Shule za binafsi hupanga walimu wa mwaka ujao muhula wa tatu. Barua ya Januari inakuta orodha imeshajaa.

CV nitasema kwa ufupi. Ukurasa mmoja, mwisho miwili. Toa dini, toa majina ya wazazi, na toa namba ya kitambulisho kwa ajili ya usalama wako, maana hujui karatasi hiyo italala mikononi mwa nani. Faili iwe PDF na iwe na jina lako. Ikiitwa "CV mpya ya mwisho 3" haitapatikana tena kwenye kompyuta ya mtu. Juu kabisa weka yale maneno ya kazi yako.

Leteni maswali. Nitajibu niwezavyo.

Nyar_Kondele · Jumapili, saa 3:05 usiku

Asante sana dada. Nimesoma mara mbili. Mimi niko Kisumu, nilikuwa karani wa data kwenye mradi wa HIV katika kituo cha afya. Januari 2025 msaada wa Marekani uliposimamishwa tuliambiwa tukae nyumbani, kisha barua zikaja. Miaka sita. Tangu hapo nimetuma maombi 112 mtandaoni, nimehesabu. Nimeitwa mahojiano mara moja. Nikiulizwa natafuta nini, nasema "kazi ya NGO." Lakini hizo NGO zenyewe zinapunguza watu, na tuko wengi tuliotoka siku moja, wote tuna CV moja. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba huku Manyatta inanidai. Nianzie wapi?

StooNakuru · Jumapili, saa 3:40 usiku

Pole sana, dadangu. Miaka sita si kidogo, na kuondolewa kwenu hakukutokana na kazi mbaya.

Naomba nikuulize: "kazi ya NGO" ni kazi gani? NGO ni jina la mwajiri. Wewe ulikuwa unafanya nini tangu saa mbili asubuhi? Niandikie kama unamweleza mama yako.

Nyar_Kondele · Jumapili, saa 4:15 usiku

Nilikuwa naingiza rekodi za wagonjwa kwenye KenyaEMR. Nilikuwa nalinganisha rejista ya karatasi na ya kompyuta, nikitafuta zilizokosana. Nilikuwa natoa orodha ya waliokosa kliniki ili wapigiwe simu. Mwisho wa mwezi naandaa ripoti, na zikikataa kulingana silali mpaka zilingane. Kituo chetu hakikuwahi kuchelewesha ripoti mwaka mzima wa mwisho.

StooNakuru · Jumapili, saa 4:32 usiku

Soma hicho ulichoandika sasa hivi. Hiyo ndiyo CV yako, na haina neno NGO hata moja.

Tangu Oktoba 2024 SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, hospitali zinadai malipo yao kwa njia ya mtandao, na dai lisilolingana na rekodi ya mgonjwa hurudishwa. Hospitali za misheni, kliniki za binafsi, hata maabara, zote zinahitaji mtu anayelinganisha rejista na kompyuta bila kulala. Huyo ni wewe. Jaribu kusema: "Mimi ni mtu wa rekodi za wagonjwa. Nalinganisha rejista na kompyuta mpaka zikubaliane, na ripoti yangu haichelewi. Natafuta hospitali au kliniki ndani ya Kisumu inayohangaika na madai ya bima."

Na wale wenzako mliotoka siku moja usiwaone kama wapinzani. Wametawanyika. Mmoja amepata Ahero, mwingine Siaya, mwingine Homa Bay. Wao ndio kurasa zako za kwanza za kaunta buku.

KijanaWaNjoro · Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Dada, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli. Hapa kwetu bila mjomba ofisini hakuna kazi. Nimemaliza Egerton miaka mitatu iliyopita, kilimo, daraja la pili la juu. Wenzangu waliopata kazi wote wana mtu. Baba yangu ni mkulima, hana mtu. Kuzungumza na kinyozi kutanisaidia nini wakati mwenzangu ana mjomba kaunti?

Mwalimu_Lurambi · Jumatatu, saa 7:10 mchana

Naomba nimjibu kijana, kwa kuwa nafundisha chuoni hapa Kakamega na swali hili huletwa kwangu kila mwaka.

Upendeleo upo, mwanangu, na unauma. Sitakuambia haupo. Lakini kuna jambo lililochunguzwa ambalo lingekusaidia. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliouliza swali rahisi. Alikwenda mji mdogo wa Newton, karibu na Boston, akawatafuta watu wa kazi za kitaalamu na za usimamizi waliobadilisha kazi karibuni. Kwa wale waliopata kazi kupitia mtu, akawauliza mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema "mara nyingi" walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema "mara mojamoja tu," na asilimia 27.8 "mara chache sana." Yaani habari ya kazi haikuletwa na ndugu wa ndani. Ililetwa na mtu wa pembeni.

Sababu yake ni nyepesi. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua, mnakaa baraza moja. Mtu wa pembeni anakaa baraza nyingine, anasikia usiyoyasikia. Dereva wa mbolea alikuwa anaingia maghala ambayo dada wa StooNakuru hajawahi kuyaona.

Hiyo ilikuwa Marekani, na ya watu wa ofisi, kwa hivyo usiipime Njoro kwa kipimo kilekile. Lakini mjomba ni mmoja. Watu wa pembeni unao wengi kuliko unavyodhani: wenzako wa darasa waliopata kazi ni baadhi yao. Je, umewahi kumwambia hata mmoja, kwa maneno kamili, kwamba unajua kupima udongo au kusimamia shamba la viazi?

KijanaWaNjoro · Jumatatu, saa 8:00 mchana

Hapana, mwalimu. Nilikuwa naona aibu. Wao wamepata, mimi bado.

StooNakuru · Jumatatu, saa 1:15 jioni

Kaka, aibu hiyo naijua. Nilimkwepa mwenzangu wa darasa mara mbili Kenyatta Avenue, nikavuka barabara. Ninaloweza kukuambia ni kwamba ukimpigia usianze na shida zako. Anza na lake: "Nasikia uko kampuni ya mbegu, hongera. Huko shambani mnahangaika na nini msimu huu?" Akishaeleza, wewe ni mtu wa kilimo, utakuwa na la kusema. Mwambie basi unachokijua wewe.

Na kazi za kaunti na za serikali ziombe pia, usiziachie wenye wajomba. Matangazo hutoka kwenye MyGov, gazeti la matangazo ya serikali, kila Jumanne na kwenye tovuti za bodi za utumishi za kaunti. Ila usizifanye kuwa kila kitu. Mimi nilizitengea siku moja kwa wiki.

Fundi_Obunga · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Hamjambo wote. Sisi ambao hatukusoma mtatuacha? Mimi nachomelea vyuma miaka tisa, jua kali hapa Kisumu. Mageti, madirisha, matrela ya trekta. Nikienda kampuni kubwa wananiuliza cheti. Sina. Basi nasimama getini na wale wa kubeba mawe, nami nalipwa kama wao.

StooNakuru · Jumatatu, saa 3:55 usiku

Fundi, wewe ndiye uliyenifanya nikae macho. Suala la cheti linatatulika, na uko mji mzuri kwa hilo. KITC, kituo cha NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi) hapo Kisumu, ndiko unakofanyia mtihani wa ufundi wa serikali. Si lazima uwe umekaa darasani. Unapimwa kwa kazi ya mikono yako. Unaanza Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, kisha ya Kwanza. Nenda ofisini kwao uulize usajili ujao ni lini na ada ni ngapi, uandike.

La pili, usiseme "mimi ni fundi wa kuchomelea." Mjini mko mia. Sema ni mkao gani unaouweza.

Fundi_Obunga · Jumatatu, saa 4:10 usiku

Nachomelea wima, na juu ya kichwa pia. Wengi hapa hawawezi juu ya kichwa, chuma kinadondoka.

Mzee_Wa_Bandari · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Fundi, salamu. Nimestaafu, nilifanya kazi ya vyuma miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Kwenye kazi rasmi, sahani iliyosimama wima inaitwa 3G, na ya juu ya kichwa 4G. Bomba lililoinamishwa ni 6G, na hiyo ndiyo inayolipwa vizuri. Msimamizi akisikia "naweza 3G na 4G," hakuulizi umesoma wapi. Anakupa vipande viwili vya chuma na elektrodi, anakaa kando anaangalia. Kwa hivyo jizoeze kwenye sahani ya milimita kumi, si kwenye bomba za mageti peke yake, kisha kata kiungo chako katikati ukione ndani kama kina mashimo. Vikiwa safi vibebe viwili mfukoni unapokwenda kuomba kazi. Meli zinatengenezwa hapo bandarini kwetu sasa, na viwanda vya sukari vinapofungwa kwa matengenezo huita mafundi wengi kwa wiki chache. Ulizia tarehe za matengenezo mapema, kwa mafundi walioko ndani.

Na mwanangu, vaa viatu vya kufunika siku hiyo. Nimeona mafundi hodari wakirudishwa getini kwa sababu ya kandambili.

Fundi_Obunga · Jumanne, saa 2:00 asubuhi

Asante sana mzee. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna majina ya hiyo mikao. Leo jioni nakata vipande.

MamaWawili_Bungoma · Jumanne, saa 4:25 asubuhi

Samahani kuingilia. Kuna watu wamenipigia, wanasema nimechaguliwa kazi ya usafi hospitalini, nitume 1,850 ya sare na kipimo cha afya kwa namba ya M-Pesa kabla ya saa kumi leo. Nimekopa, niko nazo mkononi. Sikumbuki kuomba hiyo kazi.

StooNakuru · Jumanne, saa 4:31 asubuhi

Mama, tafadhali usitume! Usitume hata shilingi. Rudisha hizo pesa kwa mwenyewe leo hii.

Nakwambia kama mtu aliyeumwa. Mwezi wa sita wa kutamaki kwangu niliingia ofisi moja ghorofani mjini, wakaniandikisha kwa 2,000 "ya faili." Tulikuwa wengi kwenye benchi. Niliporudi wiki iliyofuata mlango ulikuwa na kufuli na hata kibao kilikuwa kimetolewa. Pesa zile zilikuwa za dada yangu.

Mwajiri wa kweli anakulipa wewe. Na ishara iko kwenye ile "kabla ya saa kumi": wanataka usipate muda wa kuuliza mtu. Tume ya walimu (TSC), tume ya utumishi wa umma (PSC) na bodi za kaunti haziuzi fomu wala nafasi. Na kama ni wakala wa kukupeleka kazi, hasa ng'ambo, Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ndiyo inayowapa leseni, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao. Jina lisipokuwa humo, toka.

Kama hospitali wameitaja jina, nenda mwenyewe mapokezi ukaulize.

MamaWawili_Bungoma · Jumanne, saa 10:50 jioni

Nimeenda. Hospitali haijui lolote. Namba ile sasa haipatikani. Mungu akubariki, mwanangu. Pesa nimerudisha.

Na sasa nauliza vizuri: mimi nimepika shule miaka minne, ugali na maharagwe ya wanafunzi mia tatu kwa sufuria za kuni. Shule ilifungwa. Nilikuwa nasema kazi yoyote kwa sababu nilifikiri kupika si kazi ya kutaja.

Mwalimu_Lurambi · Jumanne, saa 12:15 jioni

Mama, kulisha watoto mia tatu kwa wakati, bila kuunguza na bila kupungukiwa, ni kazi ya kutaja kwa sauti kubwa. Taja hiyo mia tatu. Bweni, chuo, hata mwenye kupikia harusi na matanga, wote hao wanahofia mpishi anayezoea sufuria ndogo. Zungumza na wanaouza kuni na maharagwe kwa shule, wao huingia kila jiko.

KijanaWaNjoro · Ijumaa, saa 2:45 usiku

Nina swali dogo. Tangazo moja linataka vyeti vya Sura ya Sita. Nivitafute vyote sasa?

StooNakuru · Ijumaa, saa 3:10 usiku

Ni vitano, vya kuonyesha uadilifu unaotakiwa na Sura ya Sita ya Katiba: cha kodi cha KRA, cha mkopo wa masomo cha HELB, cheti cha polisi cha DCI, fomu ya EACC (tume ya kupambana na ufisadi), na cha madeni cha CRB. Soma tangazo lenyewe. Wengine huvitaka kwa waliochaguliwa tu, na kuvilipia vyote kwa kila tangazo kutakumaliza. Cha KRA hakina malipo, kipate kwenye iTax. Cha polisi kinachukua muda, kwa hivyo hicho kianze mapema: unalipa 1,050 kupitia eCitizen, kisha unakwenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole.

Nyar_Kondele · Jumatano, wiki mbili baadaye, saa 2:20 usiku

Dada StooNakuru, nimerudi. Niliandika majina arobaini. Wiki ya kwanza niliongea na kumi na sita na hakuna kilichotokea, nikakaribia kuacha. Mmoja tuliyefanya naye kazi 2021, sasa yuko duka la dawa Kondele, alinipa jina la muuguzi. Muuguzi akanipa jina la mhasibu wa hospitali moja ya misheni. Nilipompigia mhasibu niliyasema yale maneno. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo unaweza kuniambia ni kwa nini madai yetu yanarudishwa?" Nikamwambia sijui mpaka nizione rejista, lakini nikiziona nitajua.

Ameniambia nifike Alhamisi saa tatu. Si mahojiano, amesema, anataka niketi na rejista ya mwezi mmoja nione zinakosana wapi. Siku mbili, na atanilipia hizo siku mbili.

StooNakuru · Jumatano, saa 2:34 usiku

Dadangu! Nimeinuka kitini. Mpigie kesho asubuhi kabla hujatoka umuulize jina la utakayemkuta na ni jengo lipi, maana hospitali za misheni ni kubwa na soja atataka kujua. Beba rula, kalamu nyekundu na ya buluu. Zilizokosana weka nyekundu, na pembeni andika ni kwa nini. Usiku wa Alhamisi tuandikie ulizozikuta ngapi.